Mbwa Katika Nyumba Yenye Magurudumu

 

Somo letu la leo ni la historia, ijapokuwa halina mfalme wala vita. Ni habari za mbwa aliyechukuliwa safarini ndani ya nyumba yenye magurudumu, na za watu waliojifunza, kwa muda wa miaka mia na zaidi, jinsi ya kumfanya astarehe humo. Msikilizaji mmoja aliposikia tangazo la somo hili aliniuliza: je, mbwa naye astahili somo zima, hali wengi wetu twamfuga nje, alinde boma na kula makombo? Jibu langu ni kwamba swali lililomo ndani ya habari hizi si dogo. Kiumbe akiogopa kitu ambacho hakimdhuru, je, huo ni ukaidi wa kutibiwa kwa fimbo, au ni jambo lenye chanzo chake na dawa yake? Watu wenye elimu walibishana sana juu ya swali hilo, na jibu lilipopatikana halikumfaa mbwa peke yake.

Kwanza tuelewane juu ya nyumba yenyewe. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaosafiri wakati wa likizo na nyumba yao. Wengine huvuta karavani nyuma ya motokaa. Wengine wana gari ambalo nyumba imejengwa mgongoni mwake: kitanda, jiko, tangi la maji, taa, na mara nyingi choo. Hulala kando ya ziwa, au msituni, au katika uwanja uliotengwa kwa kazi hiyo, na asubuhi huendelea na safari. Afrika ya Mashariki nayo imewahi kupitiwa na nyumba hizo kwa wingi. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwenye kiwanda cha karavani za Airstream zinazong'aa kama sufuria mpya, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kenya na Ethiopia, wakafika Misri mwaka 1960. Fikiria barabara za wakati ule nyakati za masika, nawe utajua kwamba haikuwa likizo ya kupumzika.

Lakini mbwa alitangulia kuingia katika nyumba hizo kabla hazijavutwa na injini. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Uskoti, William Gordon Stables, aliyewahi kuwa mganga katika jeshi la majini la Uingereza, aliagiza kiwanda kimoja cha Bristol kimjengee gari la kusafiria kwa raha. Waingereza walikuwa wamezoea kuona magari ya namna hiyo kwa Wajipsi, ambao waliishi ndani yake kwa sababu ya kazi na desturi yao. Stables hakuwa na haja ya kuhamahama. Alitaka kutembea tu. Gari lake aliliita Wanderer, yaani Mzururaji. Lilikuwa na urefu wa futi 18, uzito wake tani 2 hivi, nalo lilivutwa na farasi wawili. Katika safari ya kwanza alikwenda maili 1,300, kutoka Twyford kusini mwa Uingereza hadi Inverness huko kaskazini mwa Uskoti. Alifuatana na mwendesha farasi, mtumishi, kasuku, na mbwa mkubwa wa aina ya Newfoundland aliyeitwa Hurricane Bob.

Jambo la kuliangalia hapa ni mwendo. Farasi wawili wanaovuta tani 2 juu ya mlima huenda kama mtu atembeavyo. Mbwa katika msafara kama huo hana taabu kubwa. Akichoka kukaa, aweza kushuka na kutembea kando ya gurudumu. Harufu za kijiji kinachokuja humfikia mapema, na za kijiji kilichopita humwacha polepole. Pua yake, ambayo ndiyo macho yake ya kweli, haipitwi na nyumba yake. Gari halina mngurumo, halina harufu ya petroli, wala sakafu haitetemeki chini ya makucha yake. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, shida tunayoizungumzia leo haikuletwa na kuhama wala kulala ugenini. Ililetwa na injini, nyumba ilipoanza kukimbia kuliko pua ya mbwa.

Mbwa wa injini mwenye sifa kuliko wote ni Bud. Mwezi wa Mei mwaka 1903, katika klabu moja mjini San Francisco, daktari mmoja aitwaye Horatio Nelson Jackson alisikia watu wakibeza motokaa, kwamba ni kitu cha kuchezea na haiwezi kuvuka Marekani nzima. Akawekeana nao dau la dola 50. Alinunua motokaa ya Winton iliyokwisha tumika, akamchukua fundi wake, Sewall Crocker, nao wakaondoka tarehe 23 Mei. Motokaa ile haikuwa na paa wala kioo cha mbele. Walipofika Idaho, mwezi wa Juni, Jackson alinunua mbwa kwa dola 15, mbwa wa aina ya bulldog, akamwita Bud.

Nchi ile ni kavu, na vumbi lake lina magadi. Bud alikaa mbele pamoja na mabwana wake, na upepo ukampiga usoni kutwa. Macho yake yakavimba na kuwa mekundu. Basi Jackson akamvalisha miwani ya kuzuia vumbi, kama ile waliyovaa yeye na fundi wake. Watu wa miji waliyopitia walikuja kumtazama mbwa kuliko motokaa. Na yasemwa kwamba Bud mwenyewe aliipenda miwani yake, tena alizoea kuangalia barabara mbele na kujikaza kila alipoona shimo linakuja. Walifika New York tarehe 26 Julai, baada ya siku 63. Jackson alikuwa ametumia dola 8,000 kushinda dau la dola 50, nalo hakulidai. Motokaa hiyo, na miwani ya Bud pia, zimewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Watu hucheka wanapoiona picha ya Bud na miwani yake. Mimi naona kuna hekima ndani yake. Jackson hakumfundisha mbwa kuvumilia vumbi, wala hakumkemea kwa kukunja uso. Alitafuta kinachomuuma, akakiondoa. Hata leo, mbwa akikataa kupanda gari, jambo la kwanza ni kumtazama mwili. Huenda nyonga inamuuma na ngazi ya gari ni ya juu. Huenda ngazi yenyewe ina matundu, akichungulia anaona ardhi chini yake, naye hajui kwamba mguu hautatumbukia. Kipande cha zulia juu ya ngazi chaweza kumaliza shauri. Huenda sakafu inateleza. Au huenda ni kichefuchefu, kwa maana mbwa, hasa watoto wa mbwa, hutapika garini kama abiria wa basi. Kwa ugonjwa huo madaktari wa mifugo wana dawa. Mojawapo, iitwayo maropitant, iliruhusiwa kwa mbwa huko Marekani mwaka 2007. Mbwa anayetapika si mwoga. Ni mgonjwa, na kumzoeza bila kumtibu ni kumzoeza kutapika.

Sasa tumtazame msafiri wa pili wa injini. Mwaka 1960 mwandishi John Steinbeck alikuwa na umri wa miaka 58, na afya yake haikuwa nzuri. Alijengewa nyumba ndogo juu ya lori jipya la GMC, akaiita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote, akatoka nyumbani kwake Sag Harbor, karibu na New York, ili aizunguke nchi yake. Mwenzake alikuwa mbwa mzee wa aina ya pudeli, jina lake Charley, aliyezaliwa Ufaransa na aliyefahamu amri za Kifaransa upesi kuliko za Kiingereza. Kitabu cha safari hiyo, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962, na mwaka huohuo Steinbeck alipata Tuzo ya Nobel.

Yafaa niseme hapa, kwa kuwa hili ni somo la historia, kwamba kitabu hicho kisomwe kwa uangalifu. Mwandishi wa habari mmoja aliirudia njia ile mwaka 2010, akalinganisha kitabu na barua na miswada ya Steinbeck. Aliona kwamba mara nyingi bwana huyo alilala hotelini, tena siku nyingi alikuwa pamoja na mkewe, wala si peke yake na mbwa kama msomaji anavyodhani. Hata hivyo, mambo aliyoyaandika juu ya Charley yana sura ya mtu aliyemtazama mbwa wake kwa makini, nami nitatumia machache.

Charley hakuogopa gari. Alichoogopa ni kuachwa. Alipoona mizigo inafungwa alihangaika na kujipitisha miguuni mwa watu, asije akasahauliwa. Gari kwake lilikuwa alama ya kwamba bwana wake yupo. Tena alikuwa mpole, asiyependa ugomvi. Lakini walipoingia katika hifadhi ya Yellowstone na kukutana na dubu, mbwa huyo mpole aligeuka kuwa kichaa. Alibweka na kupiga makelele, akataka kutoka nje akapigane na mnyama ambaye angemmaliza kwa kofi moja. Steinbeck hakuwa na la kufanya ila kugeuza gari na kutoka hifadhini. Usiku ule Charley alilala kama aliyepigwa. Hapa ninaona jambo ambalo wenye mbwa wengi hulisahau: mbwa aliyelizoea gari bado hajaizoea dunia iliyo nje ya dirisha lake. Kwetu sisi, hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mbwa wa wageni kabisa, na ni haki, kwa ajili ya magonjwa yanayoweza kuambukiza wanyama wa porini na kwa ajili ya mbwa mwenyewe.

Charley aliugua pia njiani, akashindwa kukojoa. Daktari wa kwanza, mjini Spokane, hakumsaidia. Baadaye huko Amarillo, katika jimbo la Texas, alipatikana kijana hodari aliyemtibu vizuri. Mwenye kusafiri na mbwa wake hana budi kujua, kabla ya kuondoka, daktari wa mifugo yuko wapi katika kila mji, na achukue cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Haya, tumewaona mbwa watatu, nao wote walikuwa na bahati. Mmoja alikwenda kwa mwendo wa farasi, wa pili alikuwa jasiri kwa asili yake, wa tatu alikuwa mzee aliyezoea safari. Na yule wa kawaida je, anayetetemeka mlango ukifunguliwa, anayekakamaa miguu minne na kuvutwa kwa kamba mpaka shingo inachubuka? Kwa muda mrefu watu walisema ni mkaidi. Walimsukuma ndani, wakafunga mlango, wakaondoa gari, wakaamini kwamba atachoka kuogopa. Wengine walichoka kweli. Wengi walizidi kuwa wabaya, na wako waliochupa nje mara mlango ulipofunguliwa mahali pageni, wakapotea wasionekane tena.

Ili kulielewa jambo hili turudi nyuma, tuache magari kidogo, twende katika maabara. Msomi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya uyeyushaji wa chakula tumboni, aliona kwamba mbwa wake walidondokwa mate kabla ya kukiona chakula, kwa kusikia tu sauti iliyozoea kukitangulia. Weka neno hilo moyoni, kisha umtazame mbwa wa jirani. Katika maisha yake amepanda gari mara mbili: mara ya kwanza alipotengwa na mama yake, mara ya pili alipopelekwa kuchomwa sindano. Basi kwake gari ni ile sauti. Linatangaza maumivu, naye hutetemeka kabla hayajaja. Hana ukaidi wowote. Amejifunza vizuri somo tulilompa.

Mwaka 1924 bibi mmoja wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aliyeogopa sungura. Hakumkaripia mtoto. Alimpa chakula anachokipenda, na wakati anakula, sungura katika kizimba aliletwa mbali kidogo, mahali ambapo mtoto hakujali. Siku baada ya siku kizimba kilisogezwa, mpaka mwishowe mtoto akaweza kumshika sungura kwa mkono.

Aliyeipanga kazi hii ikawa elimu kamili ni mtu wa bara letu, Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini, akawaona askari walioharibiwa na hofu, na dawa za siku zile hazikuwafaa. Baada ya vita alifanya majaribio katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Aliwatia paka katika kizimba na kuwapiga kwa umeme mpaka wakaogopa kizimba na chumba chote, wasikubali kula humo hata wakiwa na njaa. Leo tungeona vibaya kuwatesa wanyama namna hiyo. Kisha akaanza kuwalisha, si kizimbani, bali katika chumba kingine kilichofanana kidogo tu na kile cha kwanza. Walipokula huko bila hofu, akawasogeza kwenye chumba kinachofanana zaidi, hatua kwa hatua, hata wakala ndani ya kizimba chenyewe. Alitoa kitabu mwaka 1958, na madaktari wa nchi nyingi wakaitumia njia yake kwa watu wenye hofu za kupita kiasi. Kutoka kwa watu ikawarudia wanyama. Kwa hiyo leo, mtu wa Ulaya anapoweka sahani ya nyama karibu na mlango wa karavani iliyosimama, anatumia elimu iliyotoka kwa paka wa Johannesburg.

Upo utafiti mwingine ambao nitautaja kwa ufupi. Mwaka 1961 wataalamu wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine, walionyesha kwamba watoto wa mbwa waliolelewa bila kuguswa na mtu mpaka wiki ya 14 walikua na hofu ya watu kama wanyama wa mwitu. Wiki za tatu hadi kumi na mbili hivi ndizo za kumwonyesha mtoto wa mbwa ulimwengu: sauti, sakafu, magari, wageni. Mwenye kupata mbwa mchanga ana nafasi ambayo mwenye mbwa mzima hana tena, ijapokuwa mbwa mzima naye hufundishika, kwa saburi.

Sasa, ndugu, tuseme una karavani uani na mbwa anayeiogopa. Ukifuata njia ya Wolpe, gari lisimame, injini imezimwa, mlango wazi, wala usimwite. Mlishe mbali na gari, mahali ambapo anakula bila kugeuka kulitazama. Kesho sogeza sahani kwa hatua moja. Chakula chenyewe ndicho kipimo chako: mbwa akiacha kula, umekwenda upesi, rudi nyuma. Zipo alama nyingine ambazo wengi hawazijui kuwa ni za hofu: kupiga miayo bila usingizi, kujilamba midomo bila chakula, kuhema wakati hakuna joto, mkia kuingia katikati ya miguu. Akiingia mwenyewe, aachwe atoke mwenyewe. Tandiko lake la nyumbani liwekwe ndani bila kufuliwa, maana harufu yake ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Baadaye washa injini hali gari limesimama. Kisha nenda mwendo mfupi sana, na mwisho wa mwendo kuwe na jambo jema, kama kutembea au kucheza. Kabla ya safari yenyewe laleni ndani ya gari usiku mmoja palepale uani, azisikie sauti za pampu ya maji na mlango usiku, hali nyumba ya kweli iko hatua kumi. Kazi hii yaweza kuchukua wiki nyingi. Wako wanaoona ni muda mwingi mno kwa mbwa. Basi wamwache nyumbani kwa ndugu anayemjua, nako ni kumtendea haki.

Jambo moja halingoji mazoezi, nalo ni joto. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walipima motokaa zilizofungwa juani, wakaona kwamba joto la ndani hupanda kwa digrii 22 za sentigredi hivi katika saa moja, na sehemu nne katika tano za joto hilo hupanda katika nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha kidogo hakukusaidia. Tena siku zile si zote zilikuwa za joto kali. Nyingine zilikuwa za joto la wastani tu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa moto kuhema hakumfai kitu. Mbwa aliyezoezwa kulipenda gari ndiye aliye katika hatari zaidi hapa, kwa kuwa hatalia. Atalala kwenye tandiko lake akikungoja utoke dukani.

Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kifanye kazi hii. Mchague mmoja wenu mwenye mbwa asiyependa gari, baiskeli au mkokoteni, mkaangalie ni hatua ngapi mbali nacho anakubali kula. Andikeni idadi ya hatua hizo, mrudie kila siku kwa siku saba, na mniletee hesabu yenu kwa barua.